Mfasiri wa Birere

Kiingilio ni franka mia tano, na Bauma hapunguzi
hata kwa mjane.
Kuta ni mbao, paa ni bashi, sakafu ni makoro,
yale mawe meusi mlima uliyotutapikia
tukayaponda kwa nyundo, tukajenga.
Mimi naketi kando ya televisheni na kipaza sauti.
Wageni wanasema; nasema baada yao.
Miaka kumi na mmoja nimewafundisha majenerali
kutukana kama wasukuma chukudu wa Ndosho.

Leo filamu ni ya droni.
Chumba cha baridi, mbali, taa za buluu.
Kijana ameshika usukani usio na gari.
Kwenye kioo chake: ua, kamba ya nguo, bati,
na yule mbaya wanayemwinda tangu mwanzo.
Na watu wengine. Mmoja anaanika shuka.
Mmoja ana beseni kichwani.
Mmoja anageuza baiskeli, matairi juu, atazame mnyororo.
Nasema: "Tumempata!"
Ukumbi unalipuka kwa makofi. Hapa tunapenda mbaya apatikane.

Kisha mwanamke mwenye nyota begani akasoma karatasi:
kati ya watatu na saba, alisema, wa —
na hapo neno likanikwama kama mwiba wa samaki.
Neno la ofisini, lililopigwa pasi.
Hasara ya kando? Kando ya nani?
Madhara yasiyokusudiwa?
Lakini wamekaa, wamekunywa kahawa,
wamehesabu, wamepiga mhuri.
Ajali? Ajali ni lori la Sake lililokatika breki.
Midomo yao ikaendelea. Mimi kimya.

"Anasema aje?" akauliza Nsimire,
muuza makala, mweusi wa vumbi hadi viwikoni,
ambaye huja kila Alhamisi na husinzia kabla ya busu.

Nikasema: "Wale wengine watakufa.
Anasema wanajua."

Hakuna aliyepiga makofi.
"Wanaitwa nani?"
Hawaitwi, mama. Filamu haikuwapa.
Mwishoni, maandishi yakipanda,
wataandikwa Mwanamke wa Kwanza, Mtu wa Baiskeli.
"Basi ule wa beseni ni Kahindo," akasema.
Nyuma, sauti ya kilevi: "Baiskeli ni ya Rukomeza.
Mnyororo wake hufunguka kila siku."
"Wa shuka ni shangazi yangu."
"Ana mimba."
"Hana!"
"Anayo, hajawaambia."
Kufumba na kufumbua ua mzima una ukoo,
una madeni, una mtu anayedaiwa sukari.

Kanali akainama kwenye simu.
Kidole cha kijana kilitetemeka, nakiri; mchezaji hodari.
Kanali akasema neno moja, fupi,
neno ambalo hata mtoto wa Birere analijua.
Nimewahi kudanganya kwenye kazi hii.
Nimefuta matusi mbele ya masista,
nimemrudisha bwana harusi kutoka kaburini.
Nikavuta kipaza sauti.
Nikasema: "Ngoja."

Picha ikaripuka.

Moshi, shuka moja hewani, polepole,
polepole kama shuka haina haraka ya kujua.
Nsimire akanigeukia.
"Umesema ngoja."
"Ndiyo."
"Hawakusikia."
"Hawajui Kiswahili, mama."

Bauma alinikata franka elfu moja kwa ule ukimya.
Sawa. Biashara ni biashara.
Tukatoka nje, mlima umevaa wekundu wake kichwani,
ziwa halionekani, mbwa wamenyamaza.
Halafu tukasikia kitu kikivuma juu yetu.
Huenda ni grupu la umeme la jirani.
Huenda ni pikipiki upande wa Katindo.
Hakuna aliyeuliza.
Tulisimama juu ya makoro, nyuso juu,
Nsimire akapangusa makala usoni kwa kanga,
kwa pupa, shavu hili, shavu hili,
nasi tukafanya vivyo hivyo, kila mtu alivyoweza,
tukijitahidi kuonekana, kutoka huko juu,
kama watu wenye majina.